Nota, solfa, kodi au sikio: mpiga piano anayeanza ashike lipi kwanza?

Anayeanza piano hakosi washauri. Mmoja atamwambia asome nota kwanza, mengine yatajileta yenyewe. Wa pili atasema nota ni kupoteza muda, ashike kodi nne, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, aanze kupiga leo hii hii. Aliyekulia kwenye kwaya ataapa kwamba bila solfa, ile ya do re mi, hakuna muziki. Wa nne hashauri kitu: anavuta kiti, anapiga wimbo aliousikia mara moja jana, halafu anasema, "Sikiliza tu, utaupata." Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya kazi yake.

Mimi niliingilia mlango wa solfa. Niliisoma bila shida, lakini kwenye kinanda nilijua ufunguo mmoja tu, yaani mahali pamoja tu pa kuanzia do, C, kwa kuwa skeli yake (ngazi ya do re mi) haina kibonyezo cheusi hata kimoja. Siku moja mazoezini mwimbaji akanigeukia: "Kaka, nipandishie kidogo, huku chini sauti yangu haifiki." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachofanya. Kutoka C kwenda D ni toni moja tu. Wimbo nilikuwa nao kichwani, solfa ilikuwa mbele yangu, na bado vidole viligoma kwenye mi ya kwanza. Mi ya ufunguo wa D imekaa kwenye kibonyezo cheusi, nami nilikuwa naitafuta kwenye vyeupe.

Tangu hapo nimekuwa na shaka na yeyote anayesema njia fulani ndiyo msingi na nyingine ni mapambo. Swali ninalolitumia sasa ni hili: siku utakapokaa kupiga mbele ya watu, ni nini kitakuwa mbele yako? Karatasi ya nota? Maneno ya wimbo yenye herufi za kodi juu yake? Kitabu cha kwaya? Au mwimbaji ambaye ameshaanza kuimba na hakukuuliza ufunguo?

Kabla ya kuchagua: yasiyo na hiari

Kuna mambo matatu ambayo njia zote nne zitakudai, kwa hiyo usiyahesabu kama sehemu ya uchaguzi.

La kwanza ni kuujua ubao wa piano kwa macho na kwa vidole. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini hakuna haja ya kuogopa idadi hiyo. Ni mpangilio mmoja wa vibonyezo 12 unaojirudia. Vyeusi vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili ni C, na kilicho kushoto mwa vile vitatu ni F. Ukizishika hizo mbili, nyingine unazihesabu: C, D, E, F, G, A, B, kisha C tena. Kutoka kibonyezo kimoja hadi kinachofuata mara moja, kiwe cheusi au cheupe, ni nusu toni. Nusu toni mbili ni toni. Angalia kwamba kati ya E na F hakuna cheusi, wala kati ya B na C. Hapo vyeupe viwili vimetengana kwa nusu toni tu, na wanaoanza wengi hujikwaa papo hapo.

La pili ni skeli kubwa, ile ya do re mi. Kanuni yake ni hii: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Anza na C, utapita kwenye vyeupe vitupu. Anza na D ukitumia kanuni hiyo hiyo, utalazimika kugusa F shapu na C shapu, vyeusi vilivyo nusu toni juu ya F na C. Anza na F, utakutana na B flati, cheusi kilicho nusu toni chini ya B. Usikariri orodha ya shapu na flati kabla hujazijenga mwenyewe kwa vidole, maana orodha huyeyuka ndani ya wiki moja. Na vidole vyenyewe vina utaratibu. Gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5, na mkono wa kulia katika C hupanda 1, 2, 3, kisha gumba linapita chini ya kidole cha kati na kushika F, halafu 2, 3, 4, 5. Ukipanda kwa mtindo wa kubahatisha utaishiwa vidole kabla ya kufika juu.

La tatu ni kuhesabu mapigo kwa sauti. Kwa sauti, si moyoni. Moyoni kila mtu yuko sawa.

Vigezo

Nimezipima njia zote nne kwa maswali yale yale. Mwanzo wake ukoje, yaani inachukua muda gani kabla hujasikia kitu kinachofanana na muziki? Inakupa nini katika mikono miwili, kwa kuwa piano si filimbi ya sauti moja? Ukiambiwa uhame ufunguo, inakusaidiaje? Inakwama wapi? Na mwisho, inamfaa nani?

Ili tusiongee hewani, nimetunga kipande kifupi cha vipimo vinne, kila kimoja mapigo manne. Katika ufunguo wa C kinakwenda hivi: E E G G, kisha A G E na E hiyo ya mwisho inashikwa mapigo mawili, kisha D D E D, na mwisho C inayoshikwa mapigo yote manne. Kipige sasa kwa mkono wa kulia kama una piano karibu. Tutakizungusha katika njia zote.

Nota za mistari

*Mwanzo wake.* Mgumu kuliko wa nyingine zote, na asikudanganye mtu. Mistari mitano na nafasi nne kwa juu, ambako kwa kawaida mkono wa kulia hupiga, na mistari mitano mingine kwa chini kwa ajili ya kushoto, na majina ya mistari hayafanani. Mstari wa chini kabisa wa juu huko, kwenye klefu ya G (klefu ni alama ya mwanzoni inayotaja majina ya mistari), ni E. Mstari wa chini kabisa wa klefu ya F, ile ya mistari ya kushoto, ni G. Kinachoyaunganisha makundi hayo mawili ni C ya kati, inayokaa kwenye kimstari chake kidogo: chini ya klefu ya G na juu ya klefu ya F, nota ile ile moja. Mwanafunzi akiiona C hiyo kama daraja, vurugu hupungua nusu.

Kipande chetu kikiandikwa hapa, E inakaa mstari wa kwanza, G wa pili, A katika nafasi ya pili, D inaning'inia chini ya mstari wa kwanza, na C ya mwisho iko kwenye kimstari chake. Unaona kwa jicho kabla hujapiga: sauti zinapanda, zinageuka, zinashuka nyumbani. Uzuri wa nota uko hapo. Msomaji mzuri haisomi herufi kwa herufi, anasoma umbo. Mstari hadi mstari unaofuata ni kuruka kibonyezo cheupe kimoja, mstari hadi nafasi ya jirani ni kwenda kwa jirani. Ukianza kusoma umbali badala ya majina, kasi inakuja.

*Mikono miwili.* Hapa nota hazina mpinzani. Zinakuambia kila kidole kifanye nini, lini, kwa muda gani, kwa nguvu au kwa upole, na mkono wa kushoto unaposema jambo tofauti kabisa na wa kulia, vyote vinaonekana kwa mpangilio wa wima. Muziki ulioandikwa kwa ajili ya piano tangu karne ya 18 uko kwenye maandishi haya.

*Kuhama ufunguo.* Hapa panauma. Kipande chetu kikihamia D, kila nota inapanda hatua moja kwenye mistari, na mwanzoni mwa mstari zinawekwa shapu mbili, F na C. Karatasi uliyonayo haikusaidii, inabidi upate nyingine au uhamishe kichwani. Wapo wanaohamisha wakiwa wanasoma, ila hao walifanya mazoezi ya jambo hilo peke yake.

*Inapokwama.* Msomaji wa nota asiyejua kingine, karatasi ikiruka na upepo, muziki umekwisha. Nimemwona mpigaji wa vipande vigumu akishindwa kusindikiza wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sababu hakuna aliyemletea karatasi. Haikuwa kosa la nota. Hakuwahi kujiuliza, katika miaka yote hiyo, ni kodi gani alikuwa anaipiga.

*Inamfaa nani.* Anayetaka muziki wa kinanda ulioandikwa, anayelenga mitihani ya muziki, anayepiga na watu wanaosoma, na mtu mwenye subira ya kuonekana mjinga kwa miezi michache. Humfaa pia asiye na mwalimu karibu, kwa kuwa karatasi ya nota hujitosheleza.

Solfa

*Mwanzo wake.* Rahisi kwa mdomo. Silabi zenyewe ni za kale. Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alizichukua kutoka mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini ili wanakwaya wajifunze haraka: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kuwa do. Solfa ya herufi tunayoijua vitabuni ilikuja Uingereza katika karne ya 19, kwa kazi ya mwalimu Sarah Glover na kisha John Curwen aliyeirekebisha na kuisambaza. Sauti ya saba ikawa ti badala ya si, ili kila silabi ianze kwa herufi yake.

Kipande chetu kwa solfa, nikiacha mstari mfupi ambao vitabu huuweka katikati ya kipimo, ni hiki:

m : m : s : s | l : s : m : – | r : r : m : r | d : – : – : –

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinaendeleza sauti. Juu ya ukurasa kunaandikwa Do = C, au Do = D, au yoyote ile. Tazama nafasi iliyochukua: mstari mmoja wa maandishi ya kawaida, unaoweza kuuandika kwa kalamu nyuma ya bahasha.

*Mikono miwili.* Solfa ilitengenezwa kwa waimbaji. Ukurasa wa kwaya una sauti nne, zimepangwa juu chini, na mpiga kinanda anaweza kuchukua mbili kwa kulia na mbili kwa kushoto. Inawezekana na wengi wanafanya hivyo. Lakini jaribu kuandika kwa solfa mkono wa kushoto unaokimbia nota nane katika kila kipimo huku kulia kukiwa na kodi za sauti tatu: ukurasa unageuka msitu wa nukta. Tena haionyeshi umbo. M na l ni herufi tu. Jicho haliambiwi ipi iko juu.

*Kuhama ufunguo.* Kwenye karatasi, hakuna kazi. Badilisha Do = C iwe Do = D, basi. Kwenye piano kazi yote bado ipo, na hilo ndilo lililonipata na yule mwimbaji. Solfa inamwambia mwimbaji kila kitu, kwa kuwa koo halina vyeusi na vyeupe. Mpiga piano inamwambia nusu. Nusu nyingine, yaani mi ya D ni kibonyezo gani, anatakiwa awe nayo vidoleni, na dawa yake ni kupiga skeli huku unaimba silabi. Dakika kumi kwa siku za kuimba do re mi ukipiga D, kesho G, keshokutwa F, zilinifaa kuliko mwaka mzima wa kusoma solfa kwa macho.

*Inapokwama.* Wimbo ukibadili ufunguo katikati, au ukijaa sauti za nje ya skeli (fe kwa fa iliyopandishwa, ta kwa ti iliyoshushwa), usomaji unakuwa mzito. Na tahadhari kwa wanaojifunza kwa video: Ufaransa, Italia na Hispania, do ni jina la C siku zote, haihami. Ukimsikia mwalimu wa huko akisema re mi fa, anamaanisha D, E, F. Usichanganye mambo mawili haya, utaharibu yote mawili.

*Inamfaa nani.* Anayesindikiza kwaya, anayeifundisha, na anayetaka kuimba anachokiona kabla ya kukipiga. Kama tayari unaijua kutoka kwaya, usiitupe kwa aibu eti nota ndiyo usomi. Ni mtaji.

Kodi

Si ile ya serikali, ingawa hii nayo hailipiki kwa siku moja. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na ile ya kawaida unaipata kwa kuruka: chukua nota ya kwanza, ya tatu na ya tano za skeli. C, E, G ni kodi ya C. G, B, D ni ya G. F, A, C ni ya F. A, C, E ni ya A ndogo, yenye sauti ya majonzi kidogo, kwa sababu kutoka A hadi C ni nusu toni tatu, ilhali kutoka C hadi E ni nne. Tofauti yote kati ya kubwa na ndogo ni hiyo nusu toni moja.

*Mwanzo wake.* Wa haraka kuliko wote. Mtu anaweza kuketi asubuhi na jioni akawa anasindikiza wimbo wa kodi tatu, polepole, bila urembo. Kwa anayekata tamaa mapema, hilo lina uzito mkubwa kuliko walimu wengi wanavyokubali.

*Mikono miwili.* Kwa kipande chetu, kodi ni C, A ndogo, G, C, moja kwa kila kipimo. Anayeanza hupiga kila kodi kutoka nota yake ya chini, mkono wa kushoto unaruka kama panzi, na muziki unakatika katika kila kipimo. Badala yake fanya hivi. Shika C E G kwa kushoto. Kwenda A ndogo, acha C na E zilipo, sogeza gumba tu kutoka G kwenda A: sasa una C E A, kodi ile ile ya A ndogo imegeuzwa. Kwenda G, vidole vyote vitatu vishuke cheupe kimoja: B D G. Kurudi nyumbani, G inabaki, B inapanda C, D inapanda E. Mkono haujaondoka mahali pake. Sasa piga melodia kwa kulia juu yake. Ukisikia hivyo mara ya kwanza utaelewa kwa nini watu huacha kulala.

*Kuhama ufunguo.* Hapa kodi zina siri nzuri: ziite kwa namba, usiziite kwa majina. Katika ufunguo wa C, C ni 1, A ndogo ni 6, G ni 5. Kipande chetu ni 1, 6, 5, 1. Katika D kinakuwa D, B ndogo, A, D, na mwendo wa vidole ni ule ule: D F# A (alama # ni shapu), kisha D F# B, kisha C# E A, kisha nyumbani. Wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, wamefanya kazi kwa namba kwa mtindo huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Na wazo lenyewe lina babu: katika karne za 17 na 18 wapiga vinanda wa Ulaya waliwekewa nota za besi zenye tarakimu, wakajaza wenyewe sauti za juu. Kwa hiyo anayekuambia kodi ni njia ya mkato ya vijana wa leo, mwambie asome historia.

*Inapokwama.* Herufi G juu ya neno haikuambii upige kwa mapigo gani, juu au chini, mara ngapi, wala melodia yenyewe ni ipi. Ukiwa hujawahi kuusikia wimbo, karatasi ya kodi ni mifupa bila nyama. Kuna pia ugonjwa wa kodi nne: mtu anazunguka 1, 5, 6, 4 miaka mitatu, kila wimbo anaulazimisha humo.

*Inamfaa nani.* Anayeimba huku anapiga, anayesindikiza ibada au bendi, anayetunga, na mtu mzima mwenye nusu saa tu jioni ambaye anataka kusikia muziki, si mazoezi.

Sikio

*Mwanzo wake.* Unategemea mtu kuliko njia nyingine yoyote. Wengine wamekuwa wakiimba sauti ya pili tangu utotoni na hawajui kwamba hayo yalikuwa masomo. Wengine wanaanzia sifuri. Hata hivyo si kipaji cha kuzaliwa nacho au kukikosa. Kutambua kwamba hii ni A bila kuigusa piano ni uwezo wa wachache, na huuhitaji. Unachohitaji ni kusikia umbali: kutoka hapa hadi pale ni parefu kiasi gani.

Kwa kipande chetu ungefanya hivi. Kiimbe hadi mwisho na ushike sauti ya mwisho, ile inayokupa hisia ya kufika. Itafute kwenye piano. Hiyo ndiyo do. Rudi mwanzoni: sauti ya kwanza iko juu ya do, hatua mbili. Halafu mkono wa kushoto, jaribu kodi ya 1 chini ya kila kipimo, ikikwaruza jaribu 5, kisha 4, kisha 6. Utakosea, utasikia umekosea, na kule kusikia ndiko somo.

*Mikono miwili.* Melodia inakuja mapema, besi inafuata, sauti za katikati ndizo zinazochelewa. Walio wengi hupiga juu na chini sawasawa na kubahatisha katikati.

*Kuhama ufunguo.* Sikio lenyewe halijali ufunguo, vidole ndivyo vinavyojali. Wapo wapigaji hodari wa sikio ambao maisha yao yote wako kwenye ufunguo mmoja, na kinanda cha umeme kinawahamishia kwa kitufe cha transpozi. Siwacheki, kitufe kimeniokoa zaidi ya mara moja. Ila piano ya mbao haina hicho kitufe.

*Inapokwama.* Kosa ulilolisikia vibaya linakuwa ndiyo wimbo, na unaweza kulipiga miaka bila kujua. Vipande virefu vinategemea kumbukumbu. Na huwezi kumwachia mwenzako alichokisikia sikio lako mpaka akae karibu nawe. Hata hivyo anayesema njia hii haifiki mbali akumbuke Erroll Garner wa Marekani, aliyefariki mwaka 1977 akiwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa jazi, na hakuwahi kujifunza kusoma nota.

*Inamfaa nani.* Anayepiga na watu wanaoanza wimbo bila kutangaza, anayependa kubuni papo kwa papo, na yeyote ambaye tayari huimba sauti za pembeni bila kufundishwa.

Ukiwa katika hali hii

Una mwalimu na mtihani mbele: anza na nota, lakini kila kipande unachokisoma andika kwa penseli juu ya kila kipimo ni kodi gani. Dakika tano tu. Yule mpigaji wa siku ya kuzaliwa angekuwa amepona.

Umetoka kwaya na umekabidhiwa kinanda kwa ghafla: tumia solfa uliyonayo, ongeza skeli za funguo zinazotumika zaidi kwenye kitabu chenu, kisha kodi za 1, 4 na 5 kwa kila ufunguo. Nota zitasubiri.

Ni mtu mzima, muda mchache, unataka kuimba na kupiga nyumbani: kodi, na uzijifunze zikiwa zimegeuzwa tangu wiki ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa jifunze kusoma klefu ya G pekee, ili uweze kuchukua melodia kwenye karatasi huku kushoto kukiendelea na kodi. Mchanganyiko huo unakufikisha mbali kwa gharama ndogo.

Unamfundisha mtoto mdogo: aanze kwa kuimba na kusikiliza, silabi zije na nyimbo, mistari ije baadaye kidogo kama picha ya kile anachokiimba tayari. Ukimpa mistari kwanza, anajifunza kuhesabu nafasi, hajifunzi muziki.

Unapiga kwa sikio miaka mingi na umekwama: usianze upya. Jifunze majina ya vitu unavyovipiga tayari, namba za kodi kwanza. Mengi utayatambua kwa kucheka.

Na kama bado umegawanyika, chukua kile kipande cha vipimo vinne, kipige katika C kwa mikono miwili mpaka kitulie, kisha kihamishie D bila kuandika chochote. Angalia umekwama wapi. Kama melodia ndiyo iliyopotea, imba kwanza, kazi yako iko kwenye solfa na sikio. Kama melodia ipo lakini kushoto hakujui pa kwenda, ni kodi. Kama vyote viwili vimepita lakini kesho huwezi kukumbuka ulichofanya, chukua karatasi ya mistari mitano ukiandike. Na kidole kikienda kwenye F nyeupe, karibu, tuko wengi. Rudi kwenye skeli ya D.